Mkalimani Aliyesema Anaelewa

Feisal Yusufzai alizaliwa Mombasa akazeekea Northfield, mtaa wa Birmingham, Uingereza, na kila alipokaa watu walimpa jina la mahali pengine. Mombasa walimwita Mpathani, kwa kuwa babu yake alitoka Mardan, karibu na Peshawar, Pakistan ya leo, akaja kuwa askari wa reli. Kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge, alikofanya kazi miaka ishirini na minane, msimamizi wake Walter alimwita Kenya, bila ubaya wowote, kama vile ndilo jina alilopewa na mamake. Na Wapathani wenyewe, wale waliokuja moja kwa moja kutoka kwao wakafungua maduka ya nyama kule Sparkbrook, walimwita Mwafrika. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma.

Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuwajibia, nacho ni lugha yao, Kipashto. Bibi yake mzaa baba alikaa Mombasa miaka arubaini na hakukubali kujifunza Kiswahili zaidi ya kile cha kununulia samaki. Mjukuu akitaka maji, aombe kwa Kipashto. Asipoweza, akae na kiu yake. Feisal aliweza. Alipofika miaka saba alikuwa akibishana na bibi kwa Kipashto mpaka majirani wakidhani wanapigana, na bibi alifurahi kuliko alivyokasirika.

Sasa, Kipashto si kimoja, kama Kiswahili kisivyo kimoja. Kina herufi mbili ambazo watu wa kusini, wa Kandahar huko Afghanistan, huzitamka kwa ulaini, na watu wa Peshawar huzikwaruza. Ile ya kwanza, Mkandahari huikunjia ncha ya ulimi nyuma ikatoka sh nzito. Mtu wa Peshawar huitoa kooni, kama kh ya kheri. Ya pili, kusini ni mlio wa nyuki aliyefungiwa chupani, na kaskazini ni g tupu. Hata jina la lugha halikusalimika: huku Pashto, kule Pakhto. Mtu akitaka kusema "vyema", wa kusini atasema sha, wa kaskazini kha, na kwa silabi hiyo moja umeshajua alikonyonya. Bibi yake Feisal alikuwa wa kh na g, na kwa maoni yake hao wengine walizungumza kama watu wenye peremende mdomoni.

Nyumbani kwa Feisal vita vya namna hiyo vilipiganwa kila siku, ila kwa Kiswahili. Mkewe Maisara ni mtu wa Unguja, wa mjini khasa, na alipoolewa alikuja na ulimi wake mzima. Yeye husema mchele na njia. Feisal husema mtele na ndia. Miaka thalathini na kitu hakuna aliyesalimu amri.

"Baba Iman, mtele ndo kitu gani?" Maisara humuuliza, kijiko mkononi. "Mie naujua mchele."

"Ni ule uliokula harusini kwetu, ukataka tena."

Kiwanda kilipompunguza, Feisal alikaa nyumbani akitengeneza vitu visivyoharibika. Alifungua redio nzima, akafungua na pasi nzima, na Maisara akaanza kuomba Mungu amletee mumewe shughuli yoyote ya halali. Ikaja. Vita vya Afghanistan vilipopamba moto watu walianza kuingia Birmingham, na serikali ikawa inatafuta wakalimani wa Kipashto kwa tochi. Binti yao Iman alileta fomu. Mtihani ulikuwa wa simu, dakika kumi, na kwa bahati mtahini alikuwa mtu wa Peshawar: kh kwa kh, g kwa g. Feisal alipita. Wakamtumia kitambulisho chenye picha yake na chini yake imeandikwa kuwa yeye ni mkalimani wa Kipashto. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kulikuwa na karatasi inayosema yeye ni nani.

Alikivaa hata kwenda kununua viazi. "Vaa basi na ukioga," Maisara alimwambia. Lakini alicheka, kwa sababu tangu Longbridge hakuwa amemwona anatembea vile.

Mwaka mzima kazi ilikwenda vizuri. Waliokuja walikuwa wa Jalalabad na pande hizo za mashariki, ambao usemi wao ulikuwa karibu na wa bibi. Mara chache neno lilimpita, akauliza, akajibiwa. Mkandahari hakuwahi kumkalia mbele mpaka Februari ya 2003.

Jina lake lilikuwa Toryalai, mwoka mikate, miaka thelathini na tano hivi, mabega mapana na macho ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. Alikuwa ameomba hifadhi, na siku hiyo ndiyo ya mahojiano yake. Utaratibu ulikuwa hivi: kabla ofisa hajawasha kanda ya kurekodi, mkalimani na mwombaji huzungumza kidogo, ipate kuhakikishwa kuwa wanaelewana. Feisal akamuuliza habari za safari. Toryalai akafunguka. Sh zikamwagika, wale nyuki wakafuata, na maneno yakaenda mbio kama yanakimbilia basi la mwisho. Feisal alidaka mawili, la tatu likampita. Akadaka moja, mawili yakampita.

Jambo la kufanya lilikuwa jepesi. Ageuke amwambie ofisa, "Madam, mtafutieni mwingine, huyu ni wa Kandahar na mimi usemi wa Kandahar sina." Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini akilini alimwona mmoja wa wale wauza nyama wa Sparkbrook akipewa habari, akipangusa kisu, akisema, Si nilisema? Mwafrika. Nami namwonea huruma Feisal hapa, maana wengi wetu tumeshawahi kufanya upumbavu kwa ajili ya mtu ambaye hata hayupo chumbani.

Akatabasamu, akamwambia Toryalai kwa Kipashto, "Ndugu yangu, mimi mzee, na masikio yangu ni ya Peshawar. Nisemeshe kama wasemavyo kule, nikusikie vizuri."

Toryalai aliweza. Utotoni alikaa ukimbizini Peshawar miaka mitano, akafanya kazi kwenye tanuri la mtu wa huko, na usemi wa tajiri wake alikuwa nao bado. Na kwa Wapathani, mzee akikuomba jambo dogo kama hilo humkatalii. Ni kama kuombwa usogee kidogo mkekani. Akaweka mkono kifuani. "Kha," akasema, kwa kh safi ya Mardan.

"Mnaelewana?" ofisa akauliza.

"Tunaelewana vizuri sana," Feisal akajibu, na kanda ikawashwa.

Saa mbili nzima Toryalai alisema kwa ulimi wa tajiri wake wa zamani. Sentensi zilikuwa fupi, kama za mtu anayepokea agizo la mikate. Kaka yake aliuawa dukani. Naye akakimbia. Feisal akafasiri yote hayo kwa Kiingereza kilichonyooka, akarudi Northfield ameridhika na nafsi yake.

Mwezi wa Mei, baada ya sala ya Ijumaa, alimkuta Toryalai amesimama karibu na viatu akimngoja. Alikuwa ametoka Great Barr kwa mabasi mawili, na mkononi alikuwa na barua ya kurasa sita. Kiingereza hakukijua, mzee mwingine mjini hakuwa naye. Mkalimani hakuruhusiwa kuonana na mwombaji nje ya kazi, na Feisal alilijua hilo, lakini angemwambiaje mtu aliyemwekea mkono kifuani? Wakaingia mkahawani, wakaagiza chai, Feisal akavaa miwani.

Barua ilisema ombi limekataliwa. Kila fungu lilikuwa na namba, na la kumi na nne lilieleza sababu. Kanda ya mahojiano ilipelekwa ng'ambo kwa watu wanaosikiliza sauti za lugha. Wakaikuta kh pale ambapo Mkandahari husema sh, wakaikuta g, wakayakuta mengine ya namna hiyo, wakahitimisha kuwa msemaji si wa Kandahar, bali ni wa Peshawar, Pakistan. Na kama si wa Kandahar, basi na hilo duka la Kandahar, na huyo kaka aliyeuawa Kandahar, vyote ni uongo, na arudishwe Pakistan.

Hawakukosea masikio yao. Walisikia sawasawa kilichokuwemo kwenye kanda, na kilichokuwemo ni Kipashto cha bibi yake Feisal.

Toryalai alikuwa anamtazama midomo, anangoja. Feisal akamfasiria fungu la kumi na tatu. Akanywa chai. Akamfasiria la kumi na tano. Katika kazi yake yote hakuwahi kuruka hata neno, na siku hiyo aliruka fungu zima.

"Hawakukuamini," alisema.

"Kwa nini?"

"Hawakueleza."

Toryalai aliikunja barua polepole. Akamshukuru kwa taabu aliyompa, akainama akambusu mkono, akaenda zake kungoja basi. Feisal alibaki amekaa mpaka mwenye mkahawa akamuuliza kama anaumwa.

Nyumbani hakugusa chakula. Siku ya kwanza Maisara alinyamaza. Ya pili akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida yake. Ya tatu akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Una nini, Baba Iman? Kama una mke wa pili niambie, n'jue wa kupika naye."

Feisal akamweleza, kwanza kwa kuzunguka, kisha moja kwa moja. Maisara alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ulipokuja kwetu kuposa," akasema, "wakumbuka? Siku nzima mbele ya babangu ulikuwa mchele, njia, njoo. Mie nyuma ya pazia sina mbavu. Ulipoondoka baba akasema, huyu kijana ana adabu, n'tamuoza. Hakusema, huyu ni mtu wa Unguja."

"Nakumbuka."

"Basi na huyu nae alikupa adabu yake. Wao wameisikia kwenye kanda wakaiita uongo."

"Mimi ndiye niliyemuomba, Mama Iman. Na kanda ilikuwa haijawashwa. Hakuna ajuaye ila mimi na yeye, na yeye haaminiki."

"Basi si ukawaambie?"

"Nikiwaambia sikumfahamu, nimekwisha. Watanivua kile kitambulisho, na wale wa msikitini watasema, hata Kipashto chenyewe hana. N'takuwa nani hapo?"

Maisara alimpenda sana mtu huyu, na alimkasirikia sana, yote kwa wakati mmoja. "Mie sikuolewa na Mpathani," akasema. "Niliolewa na Feisal. Mwana wa watu atarudishwa nchi isiyo yake kwa sababu yako, nawe wakaa hapa waniuliza wewe nani? Mficha uchi hazai. Kaseme." Hapo Feisal akalia, mtu mzima wa miaka sitini na moja, na Maisara akamwacha alie.

Wakili aliyemchukua Toryalai kwa ajili ya rufaa alikuwa na ofisi Moseley, juu ya duka la maua. Aliitwa Sukhvinder, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, na alipojua Feisal ni wa Mombasa alihamia Kiswahili papo hapo. Aliandika maelezo yake yote, akayasoma tena, kisha akaiweka kalamu chini.

"Mzee, mimi nitakuambia ukweli. Kwa case yangu hii ni nzuri sana. Kwako ni mbaya. Ukisign hii statement, hawatakuita tena kazi, na ile panel ya interpreters itakutoa. Umeongea na mama nyumbani?"

"Yeye ndiye aliyenituma."

"Okay. Na huyu Toryalai, anajua hiyo paragraph fourteen uliiruka?"

"Hajui. Iweke humo pia."

Rufaa ilisikilizwa Julai, katika chumba kidogo chenye zulia la buluu na jaji mwenye mafua. Mahakama ilikuwa na mkalimani wake, mtu wa Peshawar, suti nzuri. Feisal alimtambua kwa sura, safu ya pili kila Ijumaa. Kazi ya mtu huyo ilikuwa kukaa ubavuni mwa Toryalai na kumnong'onezea kwa Kipashto kila litakalosemwa. Kwa hiyo kila alichosema Feisal kwa Kiingereza, alikisikia mara ya pili kikinong'onwa, kwa kh na g.

Mwakilishi wa serikali alisimama. "Bwana Yusufzai, ofisa alikuuliza kama mnaelewana. Ukasema vizuri sana. Ulisema uongo?"

"Nilisema uongo."

"Na baadaye ukamsomea barua ukamficha sehemu."

"Nilimficha."

"Basi tukuamini leo kwa sababu gani?"

Feisal alifikiri. Alikuwa amefanya mazoezi ya majibu njia nzima kwenye basi, na yote yalimtoka. "Sababu sina," akasema. "Najua tu kwamba nilimwomba asiseme kama kwao, naye akanitii kwa kuwa nina mvi. Angekuwa hana adabu, tusingekuwa hapa. Mimi usemi wa Kandahar siuelewi vizuri. Sikuuelewa siku ile, na siuelewi leo."

Mnong'ono ukayarudia hayo. Toryalai alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua hakumtazama Feisal, alitazama mikono yake mwenyewe. Kikao kilipokwisha alipita mlangoni bila salamu, na Feisal hakumfuata, kwa maana aliona hiyo ni haki yake.

Yaliyotarajiwa yakaja kwa mfuatano. Ijumaa ile ile msikiti mzima ulikuwa na habari, na muuza nyama alimuuliza kwa sauti ya huruma ya uongo kama angependa kuagiza kwa Kiswahili. Barua ikaja ya kumwondoa kwenye orodha, na kumtaka arudishe kitambulisho. Alikirudisha kwa posta ya kawaida. Mwezi wa Agosti Sukhvinder akapiga simu: jaji amekubali rufaa, ile taarifa ya sauti ameiweka kando, na Toryalai anabaki. Feisal alishukuru, akakata simu, akaenda bustanini kung'oa magugu ambayo hayakuwepo. Alikuwa na furaha, na alikuwa na aibu, na hakujua aitangulize ipi.

Jumapili moja ya Septemba, saa sita mchana, mlango uligongwa. Alikuwa Toryalai. Kwapani alikuwa na mikate mitatu mirefu iliyofungwa kitambaa, bado ina moto; alikuwa amepata kazi kwenye tanuri. Maisara alimkaribisha kwa ishara na kwa Kiswahili, akamkalisha, akaleta chai.

Toryalai akakaa. Akamtazama Feisal sawasawa usoni, kisha akaanza kusema, kwa usemi wa Kandahar, bila kupunguza kitu: sh zake zote, nyuki wake wote, mbio zake zote. Safari hii hakusogea mkekani. Feisal akaelewa kuwa mtu huyu amekuja kusema habari yake kama ilivyo, na kwamba anayetaka kuisikia ndiye atakayejisumbua.

"Sikukufahamu," Feisal akasema. "Sema tena."

Toryalai akasema tena, polepole zaidi, kwa usemi ule ule.

"Hapo pa mwisho. Sikufahamu."

Akarudia mara ya tatu. Kidogo kidogo habari ikakusanyika. Kaka yake aliuawa alfajiri, amesimama mbele ya tanuri. Wakamzika kabla ya adhuhuri. Toryalai aliporudi dukani kufunga mlango, alikuta unga ambao kaka yake aliukanda usiku umeumuka, umejaa beseni, umemwagika mpaka chini. Nje majirani walikuwa wamepanga foleni, hawajui, wanangoja mkate. Hakujua la kufanya na ule unga. Akauoka. Wakala mtaa mzima, na wakasema siku ile mkate ni mtamu. Yeye tangu siku hiyo hawezi kula mkate anaouoka.

Ilichukua saa nzima, na "sikufahamu" si chini ya kumi. Kwenye faili ya serikali ilikuwa sentensi mbili.

Maisara alikuwa amekaa na kipande cha mkate mkononi, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine. "Anasemaje?" akauliza.

Feisal akamgeukia mkewe akamfasiria kwa Kiswahili, toka alfajiri mpaka foleni, toka foleni mpaka mtaa uliposifu ule mkate, na hakuruka neno.